Bwawa la Kaskazini na Uteuzi wa Waziri

CHAMA CHA MISITU NA MITO
TAWI LA HASSELWERDA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA KAMATI YA TAWI KILICHOFANYIKA ALHAMISI, TAREHE 14 MACHI 2019, KATIKA CHUMBA CHA NYUMA CHA BAA YA BW. OTTMAR SCHENK, KUANZIA SAA 11:00 JIONI

WALIOHUDHURIA
1. Ndg. Roswitha Kämmerling – Mwenyekiti
2. Ndg. Eckart Dünnebier – Katibu, mwandishi wa kumbukumbu hizi
3. Ndg. Gernot Prill – Mjumbe, mwanzilishi wa tawi
4. Ndg. Almut Pohlenz – Mjumbe
5. Ndg. Jorinde Wessel – Mjumbe, mpya tangu Oktoba
6. Ndg. Wiebke Althoff – Mjumbe. Waziri wa Mazingira na Usafiri wa Jimbo (alifika saa 11:40)

AMBAYE HAKUHUDHURIA
Ndg. Detlef Kuhnt – alitoa udhuru wa mgongo. Ni mara ya nne mgongo huo kuuma siku ya kikao chenye mabishano.

KUMB. NA. 1/2019: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa 11:08, baada ya kuwasubiri wacheza karata wamalize mzunguko wao na kuhama meza. Alieleza kwamba akidi imetimia, kisha akakumbusha kanuni mbili za tawi kwa ajili ya mjumbe mpya.

Ya kwanza: wasemaji hupokezana, mwanamke kisha mwanaume. Majina ya wanawake yakiisha kwenye orodha, wanawake peke yao hupiga kura kama mjadala uendelee au ufungwe. Kura zikilingana, mjadala unaendelea.

Ya pili: huu ni msimu wa vyura. Kipimajoto kilichoko nje ya dirisha kikifika nyuzi saba na mvua ikaanza, kikao kinasimama popote kilipofika, na kila mjumbe anachukua ndoo yake kwenda kwenye uzio wa barabara ya Torfweg, kuwavusha vyura wanaoteremka kutoka msituni kwenda bwawani kutaga. Wakati wa kufungua ilikuwa nyuzi sita, mawingu mazito, hakuna mvua.

Ndg. Prill alisema vyura hawajawahi kuisubiri ajenda ya mtu. Mwenyekiti alimshukuru.

KUMB. NA. 2/2019: KUTHIBITISHA KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Ndg. Prill aliomba kwamba katika ukurasa wa pili neno "alifoka" lifutwe na kuandikwa "alisisitiza". Katibu alieleza kwamba alikuwepo, alikaa karibu naye, na sikio lake la kushoto bado linakumbuka. Baada ya majadiliano ilikubaliwa iandikwe "alisema kwa sauti kubwa". Kumbukumbu zilithibitishwa.

KUMB. NA. 3/2019: YATOKANAYO

Uzio wa msimu huu umekamilika: mita 340 na ndoo 22 zilizofukiwa ardhini ili vyura watumbukie humo. Mwaka jana walivushwa vyura 412.

Ndg. Wessel, ambaye alipewa madaftari yote ya hesabu ya vyura tangu mwaka 1986 ili ayaingize kwenye kompyuta, alisema kazi imekwisha isipokuwa kuna kitu kimoja hakielewi, na ataiuliza kamati baadaye. Mwenyekiti alisema vema. Katibu hakuuliza ni kitu gani.

KUMB. NA. 4/2019: HOJA YA NDG. PRILL – TAWI LISIMPENDEKEZE NDG. ALTHOFF KUGOMBEA TENA

4.1 Mwenyekiti alitoa maelezo. Jumatatu wiki hii Ndg. Althoff, kwa wadhifa wake wa Waziri, alitia saini kibali cha barabara ya mchepuo itakayokata mbuga ya Torfweg. Bwawa litafukiwa vuli ya mwakani. Kwa katiba ya chama, hakuna anayeingia kwenye orodha ya wagombea wa bunge la jimbo bila kupendekezwa na tawi lake mwenyewe, na mwisho wa kupeleka majina ni kesho saa sita mchana. Tawi likikataa, Ndg. Althoff hatarudi bungeni wala wizarani. Tawi lisipoamua lolote, mbunge aliyepo huhesabiwa amependekezwa, na jina lake linakwenda kama lilivyo.

4.2 Ndg. Prill aliwasilisha hoja yake akiwa amesimama. Alikunjua bango la uchaguzi wa mwaka 2014 na kulitandaza juu ya meza, juu ya vikombe vya watu. Lilikuwa na picha ya Ndg. Althoff akiwa na chura kiganjani na maneno "Torfweg haiguswi". Alisema yeye ndiye aliyempiga picha hiyo, na aliyemtafuta chura huyo ni yeye.

4.3 Ndg. Pohlenz alisema watu waache kutazama ndoo zao tu. Kwa saini hiyohiyo mgodi wa makaa ya mawe utafungwa miaka sita kabla ya muda uliopangwa, na vijiji saba vilivyokuwa vichimbwe havitachimbwa. Washirika serikalini waligoma kukubali mgodi ufungwe mpaka barabara ipite. Alimwuliza Ndg. Prill kama yuko tayari kwenda vijiji hivyo saba kuwaeleza wenyeji habari za vyura.

4.4 Ndg. Prill alisema yuko tayari, na atakwenda kwa baiskeli.

4.5 Saa 11:40 Bw. Schenk alifungua mlango na kutangaza kwamba Mheshimiwa Waziri amefika. Mwenyekiti alimkumbusha Bw. Schenk kwamba katika tawi hili wote ni ndugu. Ndg. Althoff aliingia, akaomba radhi kwa kuchelewa, akamwita dereva wake naye aingie apate supu.

4.6 Ndg. Prill aliomba iandikwe kwamba Waziri amekuja kwa gari. Ndg. Althoff alieleza kwamba treni ya saa kumi ilifutwa na gari ni la umeme. Ndg. Prill aliomba iandikwe kwamba gari la umeme nalo ni gari. Imeandikwa.

4.7 Ndg. Althoff alisomewa yaliyokwisha kusemwa, kisha akaulizwa kama anataka kujitetea. Alisema hana utetezi mpya, Ndg. Pohlenz ameshasema yote na amesema vizuri kuliko hotuba aliyoandikiwa. Alieleza kwamba alikuwa na makubaliano mezani ambayo hakuyapenda, yenye kurasa tisa. Alijaribu miezi minne kuitoa barabara hiyo ya mchepuo humo, ikashindikana.

4.8 Ndg. Wessel aliomba kuuliza maswali. Alisema yeye si upande wa mtu yeyote. Ana miaka ishirini na minne, amejiunga na chama juzi tu, na anataka kweli kujua hali inakuwaje mtu wa chama kama hiki akiingia serikalini, maana kila mtu anamwambia kwamba misimamo inaachwa mlangoni, na hakuna anayemwambia inaachwaje.

Aliuliza ni siku gani Ndg. Althoff alijua kwamba atatia saini. Ndg. Althoff alifikiri, akasema Jumanne moja ya mwezi uliopita, alipokuwa anapiga mswaki. Hakuna mtu mwingine aliyekuwepo na hakuna aliyemshurutisha asubuhi hiyo.

Aliuliza kama ilikuwa mara ya kwanza. Jibu la Ndg. Althoff lilikuwa hili:

"Ni mara ya tatu. Ya kwanza ilikuwa ule uwanja wa ndege, nikalia njia nzima mpaka nyumbani. Ya pili sikulia. Hii ya tatu nimesaini, nikaenda kula chakula cha mchana, na nikakimaliza."

Ndg. Wessel alishukuru na kuandika jambo kwenye daftari lake. Ndg. Pohlenz alisema hakukuwa na haja ya kujibu swali kama hilo.

4.9 Majina ya wanawake kwenye orodha yaliisha. Upande wa wanaume walibaki Ndg. Prill na Katibu. Mwenyekiti aliitisha kura ya wanawake kama mjadala uendelee.

Inafaa ieleweke hali ilivyokuwa. Mwenyekiti na Ndg. Pohlenz walikuwa upande wa Ndg. Althoff, na Katibu alikuwa ameshamwambia Mwenyekiti, kabla ya kikao, kwamba naye ataipinga hoja. Mjadala ukifungwa wakati ule, kura tatu kati ya tano zilikuwa tayari, hoja imekufa, na Ndg. Althoff anarudi zake na dereva kabla supu haijapoa. Kila mtu aliyekuwa mezani alijua kuhesabu.

Mwenyekiti na Ndg. Pohlenz walinyoosha mkono ufungwe. Ndg. Wessel alinyoosha uendelee. Ndg. Althoff, ambaye haruhusiwi kupiga kura juu ya uteuzi wake lakini anaruhusiwa juu ya utaratibu, alinyoosha mkono uendelee.

Mwenyekiti alimwuliza kama ameelewa kura ni ya nini.

"Nimeelewa, Roswitha. Gernot hajamaliza la kwake," alisema Ndg. Althoff.

Mbili kwa mbili. Mjadala uliendelea. Ndg. Pohlenz alitoka nje kuvuta sigara, ingawa aliacha mwaka juzi, kisha akarudi.

4.10 Ndg. Prill alisema maneno mengi na Katibu anayafupisha. Alisema ana miaka sabini na mmoja na goti bovu, na kila majira ya kuchipua yuko kwenye uzio kabla ya wengine. Wakati chama kilikuwa na watu kumi na mmoja na kiti kimoja tu kwenye halmashauri ya mji, walichekwa, waliitwa wauguzi wa vyura, lakini hawakuwahi kumwuzia mtu bwawa. Alimgeukia Ndg. Althoff, akamwita "binti yangu", akasema anaona uchungu, na hilo halikuwa la kusisitiza wala la sauti kubwa.

4.11 Ndg. Wessel alinyoosha mkono. Alisema anaona aulize sasa lile swali la madaftari.

Alieleza kwamba kuanzia mwaka 1986 kila ukurasa wa hesabu ya vyura una safu mbili, moja imeandikwa "Kus." na nyingine "Kas." Mwaka 1991 safu ya Kas. ina vyura 1,130. Mwaka 1992 safu hiyo haipo. Haikuwekwa sifuri wala mstari. Karatasi ya mwaka huo imepigwa rula upya, safu moja tu. Alitafuta kwenye kumbukumbu za tawi, akakuta za tarehe 19 Septemba 1991, zenye sentensi hii: "Suala la bwawa la kaskazini lilijadiliwa na kupatiwa ufumbuzi." Jumamosi alichukua ramani ya zamani akaenda kulitafuta bwawa hilo. Alifika kwenye maegesho ya magari ya duka la samani, pale wanapopanga vitoroli.

Aliuliza bwawa lilikwenda wapi. Alisema hamshitaki mtu, anauliza tu.

4.12 Bw. Schenk alileta supu ya viazi, akatazama nyuso zilizokuwa mezani, akaweka bakuli na kuondoka bila utani wake wa kawaida.

4.13 Zamu ilikuwa ya mwanaume. Ndg. Prill alitikisa kichwa kwamba hasemi. Aliyebaki kwenye orodha alikuwa Katibu.

Katibu alieleza kwamba ile sentensi ni yake. Mwaka 1991 halmashauri ya mji ilikuwa imegawanyika katikati kuhusu maegesho ya duka, ikahitaji kura moja. Tawi lilikuwa na kura hiyo moja, na aliyekalia kiti hicho cha halmashauri alikuwa Ndg. Prill. Walipewa sharti: wainue mkono kwa ajili ya maegesho, nao watapata uzio wa kudumu kwenye bwawa la kusini na magari yapunguze mwendo Torfweg kila majira ya kuchipua. Kamati ilijadili kwa saa tano hapahapa chumbani. Ndg. Prill aliinua mkono. Waliporudi kutoka halmashauri, wajumbe walimpigia makofi na kumkabidhi ndoo namba moja, kisha wakamwomba Katibu atafute maneno yasiyomwumiza mtu.

Katibu aliyatafuta, akayapata, na akajisikia fundi. Karatasi mpya ya hesabu ya mwaka 1992 aliipiga rula yeye mwenyewe. Kwa miaka ishirini na minane ameisoma sentensi ile mara chache sana, na kila mara ameiona imeandikwa vizuri. Naona aibu kuyaandika haya, lakini ndiyo yaliyosemwa, na mwandishi ni mimi.

4.14 Ndg. Althoff alisema yeye alijua. Mwaka 1992 alikuwa na miaka kumi na sita, na zamu yake ya kwanza ya ndoo ilikuwa upande wa kaskazini, kwa sababu hakuna mkubwa aliyetaka kwenda huko.

"Vyura walirudi," alisema. "Chura hurudi alikozaliwa, hajui habari za halmashauri. Walishuka msituni wakakaa juu ya lami wanasubiri maji. Nikawabeba mpaka kusini, kesho yake jioni wako palepale kwenye lami. Nikaja kukwambia, Gernot. Ukaniambia nisihuzunike, tumepata uzio. Nikaona watu wazima wanajua wanachofanya. Mimi hesabu hii nimejifunzia kwenye meza hii."

Alisema hayo bila ukali. Ndg. Prill alikuwa anatazama mikono yake.

4.15 Ndg. Wessel alisema ni haki iandikwe pia kwamba baada ya uzio, vyura wa kusini waliongezeka kutoka 1,800 hadi 3,050 mwaka 1999, kabla ya miaka ya ukame kuwapunguza. Kwa hiyo walipata kitu cha kweli kwa kile walichotoa.

"Sijui kama mlikosea, na sijui kama Wiebke amekosea," alisema. "Ninachoweza kuona ni kwamba hakuna mtu aliyeandika kilichotolewa. Mliandika kilichopatikana tu."

4.16 Mwenyekiti, kwa sauti ya upole, alimwuliza Ndg. Prill kama kutokana na yaliyosemwa anaiondoa hoja yake. Ndg. Pohlenz alishaanza kukunja bango.

"Siiondoi," alisema Ndg. Prill. "Siku ile mlinipigia makofi, Roswitha. Mkanipa ndoo namba moja kama medali. Nimeibeba miaka yote hii na kila chura ninayemvusha namwambia samahani. Laiti mngeniweka pembeni, huyu mtoto angeona kwamba mtu akitoa bwawa, naye anatoa kitu chake. Hakuona. Aliona tu tunakula supu."

Akaongeza kwamba hoja hiyo anaipanua: naye anajiuzulu kamati leo hii, iandikwe kabla hajabadili mawazo. Imeandikwa.

Ndg. Althoff akasema, "Hilo ungeniambia mwaka tisini na mbili." Ndg. Prill alisema ni kweli.

4.17 Kura ilipigwa kwa kuita majina, swali likiwa: je, tawi lisimpendekeze Ndg. Althoff?

Ndg. Prill: ndiyo. Alipiga kabla kujiuzulu hakujaanza kutumika, Mwenyekiti aliruhusu.
Ndg. Pohlenz: hapana. Alisema vijiji saba ni vijiji saba.
Ndg. Wessel: ndiyo.
Mwenyekiti: hapana. Alisema amemjua Wiebke tangu ana vyuma mdomoni, vile vya kunyooshea meno, na hawezi.

Lilibaki jina la Katibu.

4.18 Saa 12:51 mvua ilianza kupiga dirisha. Bw. Schenk alichungulia na kusema nje ni nyuzi saba kamili. Mwenyekiti aliinuka haraka, akasema kanuni ni kanuni, kikao kimesimama, kura itamaliziwa siku nyingine. Alimpa Katibu koti lake. Alikuwa anamtendea wema, na Katibu alilijua hilo, kwa kuwa siku nyingine ni baada ya kesho saa sita mchana.

Katibu aliomba iandikwe kwamba jina lake lilishaitwa kabla ya mvua. Alikuwa amekuja na nia ya kupiga hapana. Alipiga ndiyo.

Alimtazama Ndg. Althoff alipokuwa anatamka. Ndg. Althoff aliinamisha kichwa, akavuta pumzi, kisha akauliza ndoo yake iko wapi.

AZIMIO: Hoja imepita kwa kura tatu dhidi ya mbili. Tawi halitampendekeza Ndg. Wiebke Althoff. Katibu atapeleka barua kesho asubuhi. Kibali cha barabara kinabaki kama kilivyo; tawi halina uwezo juu yake.

KUMB. NA. 5/2019: MASAHIHISHO YA KUMBUKUMBU ZA TAREHE 19 SEPTEMBA 1991

Yaliazimiwa njiani, wajumbe wakiwa wanavaa viatu vya mpira, bila kupingwa.

Sentensi "Suala la bwawa la kaskazini lilijadiliwa na kupatiwa ufumbuzi" inafutwa. Badala yake isomeke: "Tawi lilikubali bwawa la kaskazini, lenye vyura 1,130, lifukiwe ili tawi lipate uzio kwenye bwawa la kusini. Aliyeinua mkono ni Ndg. Prill, kwa niaba ya wote waliokuwepo. Aliyeficha ni Katibu."

Ndg. Wessel aliomba sahihisho lingine: safu ya Kas. irudishwe kwenye daftari la hesabu kuanzia leo. Ilikubaliwa.

KUMB. NA. 6/2019: HESABU YA JIONI NA KUFUNGA KIKAO

Wajumbe wote sita walikuwepo kwenye uzio. Dereva wa Waziri alishika tochi. Ndg. Althoff alipewa ndoo namba moja, ambayo Ndg. Prill alisema haitaki tena, na Ndg. Prill akachukua namba kumi na nne yenye mpini uliofungwa waya. Walitembea pamoja. Katika mita ya mia mbili Ndg. Althoff alimshika mkono mzee kwa sababu ya goti.

Kabla ya Katibu kujaza ukurasa, Ndg. Althoff alikwenda kwa miguu mpaka maegesho ya duka la samani, akayazunguka yote na tochi, akarudi ameloa. Daftari haliruhusu kuandika sifuri ambayo haikuhesabiwa.

Kus.: 96 (madume 81, majike 15). Waliokufa barabarani: 4.
Kas.: 0.

Kikao kilifungwa saa 2:05, penye uzio, mvua ikiendelea.

Zimesomwa na kuthibitishwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, pamoja na yale ambayo tungependa yasingekuwa:

(saini) Roswitha Kämmerling
MWENYEKITI

(saini) Eckart Dünnebier
KATIBU